Mwiko Nilioununua kwa Mbuzi

Jambo hili lote limenigharimu shilingi laki tisa na nusu, mbuzi jike mmoja aliyekuwa bado anakamuliwa, na maneno ambayo mke wa mtu hatakiwi kumwambia mama mkwe wake mbele ya watu. Nimehesabu mara mbili. Fedha nimezisamehe, mbuzi bado ananiuma, maneno sijayajutia hata moja.

Biashara yangu ni karanga. Nazichukua Didia, Tinde na vijiji vya ndani zaidi, ambako mkulima akikuona umeshuka na magunia matupu anaanza kulalamika juu ya mvua kabla hujamsalimia. Nazipeleka Geita, kwenye machimbo. Mtu anayeshinda chini ya duara, yaani shimo la wachimbaji, akifuata dhahabu hana muda wa kusubiri wali uive, lakini karanga za moto kwenye karatasi atanunua, atie mfukoni, ashuke nazo shimoni. Kule wananiita mama karanga na wengi hawajui jina langu jingine. Nimeezeka nyumba kwa karanga, nimelipia watoto shule kwa karanga. Na katika watoto wangu watatu, huyu wa mwisho, binti, akila karanga moja anaweza kufa.

Ukimwambia mtu hivyo sokoni anacheka kwanza, halafu anakutazama usoni kuona kama na wewe unacheka.

"Mama karanga," aliniambia mchimbaji mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, "yaani mtoto kaikataa kazi ya mama yake?"

"Kakataa kuila," nikamwambia. "Kuiuza anaiuza, na hapunguzi bei kama mimi."

Mara ya kwanza hakuwa ametimiza miaka miwili. Tulikuwa tumepanga chumba Geita, karibu na karasha la kusagia mawe alikokuwa akifanya kazi mume wangu. Nilikuwa nachambua karanga kwenye ungo, yeye kakaa miguuni kwangu, akaokota iliyodondoka. Midomo ikavimba kama imeumwa na nyuki, mwili ukatoka mabaka. Majirani walifika wote, na kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Mmoja alisema ni meno. Mmoja alisema ni jicho baya. Mmoja, ambaye nilikuwa nikimdai, alisema mama anayehesabu hela huku ananyonyesha humharibu mtoto damu. Zahanati moja ya karibu na machimbo walinipa dawa ya minyoo. Baada ya mwezi, ilipomtokea tena, wakanipa ile ile. Kama mtoto yule alikuwa na minyoo, basi ilikufa mara mbili.

Safari ya tatu alitapika, akaanza kupumua kwa sauti ya filimbi. Mungu alijalia tulikuwa tumerudi Shinyanga mjini kwa msiba wa upande wangu, tukamkimbiza hospitali kubwa. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, rika la mdogo wangu wa mwisho. Mtoto alipotulia, akanivutia kiti.

"Mama, kabla haya hayajamtokea, alikuwa amekula nini?"

"Tunachokula sote."

"Na nyie mnakula nini?"

Nikaanza kutaja. Uji wa lishe, una karanga. Mchicha, naunga kwa karanga. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, tunavila na karanga. Nilipofika kwenye mlenda nikasikia mwenyewe kwamba nao una karanga.

"Ni mzio," akasema. "Mwili wake unaiona karanga kama adui, unapigana nayo, na katika kupigana huko unamuumiza mwenyewe."

"Apunguze mpaka kiasi gani?"

"Aache."

"Nusu kijiko kwenye mboga?"

"Hapana."

"Mafuta yake tu, bila karanga zenyewe?"

"Mama," akasema, "hapa hatupatani bei."

Sikuridhika. Mahali ambapo bei haishuki huwa nahisi naibiwa. Nikamuuliza mbona zahanati haikuniambia hivyo, mbona hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kulitaja jambo hili mbele yangu, na mimi maisha yangu yote nimezungukwa na karanga. Akaweka kalamu chini. Akasema alipokuwa chuoni, mwalimu wao alipofika kwenye somo hilo aliwaambia wasipoteze muda, huo ni ugonjwa wa watoto wa Ulaya, huku hawatakutana nao. Akakutana nao mwaka wake wa kwanza kazini.

Kisha, kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa hawajaletwa, akanisimulia hadithi ambayo nimeirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita, madaktari wa Ulaya walichukua sumu ya mnyama fulani wa baharini wakawachoma mbwa, kidogo, wakitegemea kwamba mbwa wakizoea kidogo wataweza kustahimili nyingi. Mara ya pili wakawachoma kidogo kuliko mara ya kwanza, na mbwa wakafa palepale. Mwili haukuwa umezoea. Ulikuwa umeweka kinyongo. Wale madaktari wakashangaa, maana walichokuwa wakikitafuta kilikuwa kinyume chake kabisa.

"Na watu wakawaamini?" nikauliza.

"Kwa mbwa, ndiyo. Kwa chakula cha watu ilichukua muda. Hata huko, mama aliyesema mtoto wake anadhurika na yai au maziwa aliambiwa anamdekeza. Wengine waliambiwa wakatibiwe akili."

Nilitoka pale na karatasi ya dawa na hasira mpya. Hasira ilikuwa hii: mabishano haya yameshafanyika. Wamama wengine, kwenye nchi nyingine, wameitwa waongo, wameitwa vichaa, hadi mwisho wakakubaliwa. Halafu ugonjwa ukifika kwangu, Didia na Geita, tunaanza mabishano upya kana kwamba hayajawahi kubishaniwa popote. Hata mtumba ukifika huku umeshavaliwa na mtu. Kwa nini ujinga tu ndio utufikie ukiwa mpya?

Miaka kadhaa baadaye, nilipompeleka mtoto kwa daktari yule yule kuangaliwa, akaniambia bei imebadilika. Kumbe kwa muda mrefu madaktari wa huko mbele waliwaambia wamama wawafiche watoto wachanga karanga, wasiziguse, na ugonjwa ukawa unaongezeka badala ya kupungua. Sasa wamegeuka, wanasema wapewe mapema, kidogo kidogo, wangali wadogo.

"Huku kwetu mtoto anapewa uji wa karanga hajakaa vizuri," nikasema. "Nani alimwongoza bibi yangu?"

"Hakuongozwa na mtu."

"Na bado wangu kaupata."

"Na bado wako kaupata. Na kwake hakijabadilika kitu, asije mtu akakwambia umzoeshe nyumbani. Hatujui kila kitu, mama."

Katika watu wote wenye makoti meupe niliowahi kukaa mbele yao, huyo ndiye pekee aliyenitajia bei ya kweli.

Karanga sikuziacha. Wengi walinishauri, wa kwanza wao akiwa mama mkwe, ambaye alituma ujumbe kutoka Didia kwamba mama mwenye akili angebadilisha biashara, auze hata vitenge. Nikamrudishia ujumbe: tukiacha karanga tule nini, mzio? Nilichofanya, baada ya kurudi na watoto kuishi Shinyanga mjini, ni kukodi stoo mbali na nyumba. Nikirudi naoga kwanza na kubadilisha nguo ndipo mtoto anikumbatie. Mashine ya kusaga ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu mashine ile ile inayosaga mahindi ndiyo wamama wanasagia karanga za mboga. Nikakubaliana na mwenye mashine anisagie wa kwanza asubuhi, kabla ya mtu yeyote, baada ya kufagia ndani.

"Mama karanga," akaniambia, "wewe ndiye unayeniuzia mtaa mzima karanga za kuja kunichafulia mashine, na wewe ndiye unayetaka isafishwe."

Kwa kweli alikuwa amenishika. Nikamwongezea mia tano.

Sasa nije kwenye Didia.

Mtoto alikuwa na miaka sita. Ulikuwa wakati wa kuvuna karanga, shule zimefungwa, tukaenda kwa mama mkwe, mimi kwa kazi na watoto kwa kumsalimia bibi yao. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Mama mkwe aliishi na wajukuu wengine kwenye boma lile, na jirani yake wa karibu alikuwa mjane mzee, anaishi peke yake, macho yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Mwaka uliotangulia, binti yangu alikuwa amepewa na mjane yule bisi za mahindi, na baada ya bisi akavimba. Nilikwenda mwenyewe nikaliangalia kaango. Lilikuwa limekaangiwa karanga asubuhi yake. Nikaeleza kwa kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia. Watu wakaitikia "ehe, ehe," kwa adabu, halafu nikigeuka wanaendelea na maneno yao. Na maneno yao yalikuwa juu ya mjane.

Aliyekulia Shinyanga hahitaji kuelezwa minong'ono ya uchawi juu ya bibi mwenye macho mekundu huwa inaishia wapi.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda boma la tatu kutoka pale, kupima mzigo. Mwenye mzigo alikuwa anataka nikubali lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, kwa bei ya gunia la kawaida, na mimi nilitaka kukubali, isipokuwa kila alipokuwa akifunga kilemba nilikuwa nauona mchanga unamwagika. Nikarudi nimechoka kubishana. Binti yangu amekaa mlangoni, anajikuna shingo.

"Mama," akasema, sauti imekauka, "koo langu limekuwa dogo."

Mama mkwe alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda. Nakumbuka uso wake kuliko kitu kingine chochote cha siku ile. Hakuonekana kushtuka. Alikuwa anamtazama mtoto kama mtu aliyeuliza swali na sasa anasikiliza jibu.

"Kala nini?"

"Nsansa." Hayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga ya kila siku.

"Umeiunga na nini?"

"Kijiko kimoja tu, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na mama mkwe wangu huniita hivyo akitaka nitulie.

Sikutulia. Nilimbeba mtoto hadi barabarani, bodaboda ya kwanza nikaipanda. Ndiyo mara pekee nimepanda chombo bila kuuliza nauli. Dereva aliona hilo, tulipofika akanitoza mara tatu, na nikalipa. Kwenye kituo cha afya tabibu alimtazama mtoto mara moja tu, akachukua sindano ya adrenalini, akamchoma pajani. Nilikuwa nimeushika mguu. Nilisikia pumzi inarudi kabla sijaiona, kama maji yanayorudi kwenye bomba lililokuwa limekatwa. Akalala pale mpaka kesho yake, mimi nimekaa kitandani kwake sina hata kanga ya pili.

Tuliporudi bomani, watu walikuwa wamejaa kumpa mama mkwe pole. Yeye ndiye aliyepewa pole. Hapo ndipo yakanitoka yale maneno. Sitayaandika yote, watoto wake wanasoma, lakini lile la heshima zaidi lilikuwa "muuaji."

Kwa watu wa mume wangu, mke akimtukana mama mkwe jambo haliishii jikoni. Linaitiwa kikao, na mke anatozwa faini. Siku ya tatu walikuja, wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, mume wangu ameitwa kutoka Geita na anakwepa macho yangu. Msemaji alikuwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe, mwanamume anayependa kusikia sauti yake ikirudi kutoka ukutani.

"Faini ni ng'ombe," akasema. "Mke aliyemtukana mama mkwe hulipa ng'ombe."

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba."

"Na mama mkwe aliyemlisha mjukuu sumu hulipa nini?"

Kikao kikaguna. Mume wangu akaangalia ardhi kwa bidii.

"Karanga si sumu," akasema baba mdogo. "Wote hapa tumekula karanga kabla hatujaota meno. Na wewe umevaa karanga, umejenga karanga."

"Na nyama ya pongo ni sumu?"

Ukoo wao hauli pongo, yule swala wa vichakani. Ukimuuliza mtu kwa nini, atakwambia akila atababuka mwili, meno yatamtoka. Pongo mwenyewe hajaonekana Didia tangu miti iishe, lakini bado wanamkataa kila mwaka kwa nguvu ile ile.

"Hiyo ni mwiko," akasema baba mdogo.

"Kuna mtu amewahi kuikata vipande vidogo, akaitia kwenye chungu cha ukoo huu kimya kimya, aone kama kweli mtababuka?"

"Nani athubutu."

"Na mimi ni Mwislamu. Tangu niolewe nakula kwenye boma hili, na wenzangu hapa wanakula nguruwe." Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, umewahi kunitilia kijiko kimoja, kujaribu?"

"Nitakufanyiaje hivyo, mayu," akasema, akitazama mkeka.

"Basi. Mimi sili kwa sababu ya dini, na mnaniheshimu. Nyie hamli kwa sababu ya ukoo, na mnaheshimiana. Huyu mtoto hali kwa sababu atakufa, na yeye ndiye wa kujaribiwa."

"Mwiko unatoka kwa mababu," akasema baba mdogo. "Wa mtoto wako umetoka hospitali."

"Na wa mababu, kabla ya mababu, ulitoka wapi?"

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Baba mdogo akawaambia wenzake, "Huyu tukimwachia atatuuzia hata vivuli vyetu."

"Vya kwenu nitauza kwa hasara, baba."

Ndipo mama mkwe akaomba kusema. Hakusimama. Alisema alikuwa na mdogo wake wa kike, wakati wao wako wasichana. Walikuwa shambani wanang'oa karanga, mdogo wake akamenya mbichi akala, kama watoto wote. Alikuwa ameshawahi kuvimba kabla, mara moja au mbili, watu wakasema ni upele. Siku hiyo hakufika nyumbani. Na jioni ile ile wakubwa wakaanza kuulizana nani aliyemsalimia asubuhi. Aliyemsalimia alikuwa mama mmoja wa jirani, asiye na mtoto. Nyumba ya mama yule ilichomwa moto, akafukuzwa, na hakuna aliyemsikia tena.

"Na mimi nilikuwa nimesimama pale," akasema mama mkwe. "Nilipiga yowe pamoja nao. Sasa mwaka jana nasikia wanaanza na huyu jirani yangu. Mkwe wangu anasema ni karanga, na watu wanasema mkwe ni wa mjini, anajisemea. Nikaona kabla hawajamfuata mtu, nijue. Kama nikiweka karanga, yeye mjane hayupo, hajamgusa, hajamsalimia, na mtoto akavimba, basi ni karanga. Si mtu."

"Ungeniuliza mimi," nikasema.

"Ulikuwa umeshasema. Nilitaka nione kwa macho yangu, ili na mimi nikisema, niseme nilichokiona."

Nimelifikiria jambo lile kwa miaka. Watu wakinisikia nalisimulia wanategemea niseme kwamba pale moyo wangu ulilainika, nikamkumbatia. Haukulainika. Nilimwelewa, na kumwelewa mtu hakumpunguzii anachodaiwa. Sababu yake ilikuwa nzuri kuliko sababu za wote waliokaa pale kwenye vigoda. Lakini mtoto wangu si mizani ya kupimia maneno ya watu. Nilimwambia hivyo hivyo mbele yao, na yeye akaitikia kwa kichwa. Mpaka leo hatujawahi kulirudia, na tunapikiana.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikamwambia baba mdogo nitalipa faini, kwa kuwa maneno niliyasema na siyafuti. Lakini silipi ng'ombe, nalipa mbuzi. Na silipi bure, nanunua. Nataka mambo mawili. La kwanza, itamkwe hapa, leo, kwamba karanga ni mwiko wa mtoto huyu, katika kila boma la ukoo huu, kama pongo alivyo mwiko wao. La pili, itamkwe kwamba mjane wa jirani hana neno, ni karanga.

"Mbuzi wawili," akasema baba mdogo.

"Mmoja. Jike."

"Jike mzee huyo."

"Anakamuliwa. Ukimchinja ni nyama ya siku moja, ukimfuga ni maziwa ya watoto wako. Chagua, baba, kabla sijafikiria tena."

Akatazamana na wenzake. Walinong'ona kwa Kisukuma haraka, wakisahau kwamba nanunua karanga kwa Kisukuma. Akakubali. Akasimama, akatamka yote mawili kwa ile sauti yake inayorudi kutoka ukutani, na siku hiyo nilifurahi kwamba anayo. Alipofika kwenye la mjane alitamka polepole kuliko alivyotamka la mtoto, na aliwatazama vijana waliokuwa wamesimama nyuma.

Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo wa mume wangu aliyemjaribu. Watoto wenzake walimnyang'anya vitu mkononi wenyewe: "Weka, hicho kina karanga, wewe una mwiko." Wale wale waliosikia ushauri wa daktari kwa sikio moja walilipokea neno la kikao bila kuuliza swali. Mjane alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na hilo kwa kule kwetu si jambo dogo.

Nilipomsimulia daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema wao huwaandikia wamama maelekezo kila wiki, na mama hurudi na mtoto yule yule, kalishwa na shangazi. Lakini si wote waliofurahi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniambia ninamrudisha mtoto gizani, kwamba ugonjwa ni sayansi na mimi nimeugeuza kuwa mila. Nikamwambia mwalimu, mimi sayansi ninayo kwenye mkoba, nimeilipia, ina muhuri. Sayansi inanieleza kwa nini mtoto anavimba. Haijawahi kumzuia shangazi. Siku itakayomzuia shangazi nitamfuata baba mdogo nidai mbuzi wangu.

Sasa binti amemaliza darasa la saba, amefaulu, amepangiwa shule ya bweni mkoa wa mbali. Huko ukoo wa mume wangu haujulikani, na baba mdogo sauti yake haifiki. Nilipiga simu shuleni. Aliyepokea aliniambia mboga zao huungwa kwa karanga siku nyingi, maana karanga ni nafuu, na kwamba hawajawahi kuwa na mwanafunzi asiyezila. "Aje tu, mama, njaa itamfundisha." Nikaomba kuzungumza na matroni. Matroni alikuwa mpole, akasema watamwombea. Nikamshukuru, nikamuuliza baada ya kumwombea nani atamchoma sindano. Akasema sheria za shule haziruhusu mwanafunzi kukaa na sindano bwenini.

Ile sindano ya kalamu, inayojichoma yenyewe, ambayo daktari alinionyesha kwenye picha, nimeitafuta Shinyanga, Geita hadi Mwanza, sijaipata. Tunayo ya kichupa na bomba la sindano. Daktari alitufundisha wote wawili, mimi na binti, tukachoma mapapai hadi yakaoza, na sasa binti anavuta dawa kutoka kwenye kichupa haraka kuliko mimi. Lakini koo likiwa dogo na mikono inatetemeka, nani atamshikia?

Mume wangu anataka tumbakize, asome shule ya kutwa hapa hapa mjini. Dada zangu wanasema hivyo hivyo. Binti mwenyewe alisikiliza mabishano yetu yote akiwa anakunja sare, kisha akasema, "Mama, kama ni kuogopa karanga, ningeanza kuogopa hapa nyumbani kwetu." Anakwenda. Nafasi ile kaipata kwa kichwa chake, na sitakubali mboga ya shule ndiyo iamue mtoto wangu asome wapi.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza kwa aliyefanya, si kwa aliyesikia. Wewe uliyewahi kumpeleka bweni mtoto wa namna hii, ulizungumza na nani kwanza, mkuu wa shule au mpishi? Mpishi ulimwambia neno gani akakuamini, maana nimeshaona kwamba neno la hospitali peke yake halitoshi, na kule siwezi kuitisha kikao? Ulikubaliana nao nini kwa maandishi, na nini kwa mdomo? Usiniambie nimwache nyumbani, hilo limeshaulizwa na limeshajibiwa. Shule zinafunguliwa Januari na sanduku lake liko wazi chumbani. Niambie kabla sijalifunga: yule wa kwako, kile kichupa na bomba lake, ulimkabidhi nani?